Ua wa Seng'enge Haulindi Maji: Somo la Ziwa la Nakuru



Somo letu la leo latutoa katika miji yetu ya pwani na kutupeleka bara, hata Bonde la Ufa, kwenye mji wa Nakuru na ziwa lake. Twajua ya kwamba wako miongoni mwenu watakaouliza: "Nakuru na sisi wapi na wapi? Mambo ya ndege na wanyama ni mambo ya watalii na maafisa wa serikali; sisi yatuhusu nini?" Swali hili twalikubali kuwa ni swali la haki, na jawabu lake tutalitoa kabla ya kumaliza. Twaomba tu msomaji atusubiri, wala asihukumu kabla ya kusikia.

Mfano wa kisima

Tuanze na mfano ambao kila mtu wa pwani ataufahamu. Mtu ana kisima cha maji matamu katika kitalu chake. Kwa kukipenda akakijengea ukuta, akaupandisha hata ukapita kimo cha mtu, akatia mlango na kufuli, na ufunguo akaufunga kiunoni. Kisha jirani yake akachimba choo hatua nne tu kutoka ukuta ule, upande wa pili. Je, maji ya kisima kile yamehifadhika?

Kila mwenye akili atajibu kuwa hayakuhifadhika. Ukuta huzuia mguu wa mwizi, wala hauwezi kuzuia kitu kipitacho chini ya ardhi. Mwenye kisima atakaa mlangoni na ufunguo wake, akiona fahari kuwa hapana aliyeingia, ilhali watoto wake waharisha kwa maji yale yale aliyoyalinda.

Mfano huu tumeuweka mbele kwa sababu ndio mukhtasari wa khabari yote ya Nakuru. Na tuieleze sasa kwa utaratibu.

Ziwa lenyewe na wakazi wake

Ziwa la Nakuru liko kusini ya mji wa Nakuru, kiasi cha maili mia moja kutoka Nairobi kwa upande wa kaskazini-magharibi. Ni ziwa la maji ya magadi, na kina chake ni cha mita chache tu. Katika karne ya 20 limewahi zaidi ya mara moja kupungua hata likakaribia kukauka lote, likabaki uwanja mweupe wa magadi, kisha likajaa tena.

Maji yake hutoka katika mito midogo, nayo ni Njoro, Makalia, Nderit na mingineyo, pamoja na chemchemi ya Baharini. Na hapa pana jambo moja ambalo twamtaka msomaji alishike vizuri: ziwa hili lina mito inayoingia, walakini halina hata mmoja unaotoka. Maji huingia, jua likayanyonya, na kila kilichokuja pamoja na maji, kikiwa udongo au taka au sumu, hubaki pale pale. Sisi tuliozoea bahari na maji yake ya kujaa na kupwa huona kama kila kitu kikitupwa majini kimekwenda zake. Nakuru hakina pa kwenda.

Mkazi wa ziwa hili aliyelipa sifa duniani ni ndege aitwaye heroe, ambaye wengi leo humwita flamingo. Wako wa namna mbili, mkubwa na mdogo, na yule mdogo ndiye aliye mwingi katika maziwa haya. Chakula chake ni mwani. Si mwani huu wetu wa ufukoni, bali ni mwani mdogo mno usioonekana ila kwa darubini, nao hustawi katika maji makali ya magadi ambayo viumbe vingi haviwezi kuyastahimili. Heroe huinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini, akayavuta maji na kuyachuja, mwani ukabaki kinywani na maji yakatoka. Katika miaka ya neema ndege hawa wamekadiriwa kupita milioni moja katika ziwa hili moja, na ufuko wote ukaonekana kwa mbali kama kitambaa cha waridi kilichotandazwa juani.

Na ajabu nyingine ni kwamba ndege huyu hula Nakuru walakini hatagi Nakuru. Kwa miaka mingi watu hawakujua azaliapo, hata mwaka 1954 afisa mmoja wa kilimo, Leslie Brown, alipowaona wakitaga kwa wingi katika Ziwa la Natron, upande wa Tanzania, kwenye matope ya magadi yasiyokanyagika. Mwaka 1962 ndege wengi walikwenda kutaga katika Ziwa la Magadi, na magadi yakaganda katika miguu ya makinda kama pingu hata wasiweze kwenda. Watu wakaingia matopeni wakayavunja magadi yale kwa mikono, wakawaokoa makinda kwa maelfu. Basi ndege mmoja ana chumba cha uzazi huku na jikoni kule. Leo yuko Nakuru, kesho Elementaita, kesho kutwa Bogoria. Ukimlinda mahali pamoja ukapaharibu pengine, umemlinda nusu, na nusu ya uhai haiishi.

Tena yuko mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Zamani ziwa hili halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa samaki wadogo kutoka Ziwa la Magadi, madhumuni yao wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakazaana, na mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Mwari hao hutaga Elementaita, kwenye visiwa vya mawe, kisha huruka hadi Nakuru kuvua. Twataja hili ili ijulikane ya kwamba mkono wa binadamu ukigusa mahali, hugeuza mengi asiyoyakusudia, mara kwa kheri na mara kwa shari.

Yaliyofanywa kulilinda

Hatutaki kuwadhulumu walioshughulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu ya ziwa ilifanywa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 ikatangazwa hifadhi ya taifa. Ardhi ikaongezwa, hata leo hifadhi yote ina kiasi cha kilomita za mraba 188. Mwaka 1977 waliletwa twiga wa aina isiyopatikana kwa wingi, kutoka magharibi ya Kenya ambako mashamba yalikuwa yakiwabana.

Kisha likaja balaa la majangili. Vifaru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa kiasi cha elfu ishirini mwaka 1970, walipofika mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki mia nne. Serikali ikaizungushia Nakuru ua wa seng'enge wenye umeme, na mwaka 1987 ikawa makimbilio ya vifaru. Mwaka 1990 Kenya ikaliandika ziwa hili katika mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa mataifa juu ya maeneo ya maji, na likawa la kwanza katika nchi kuandikwa humo. Na mwaka 2011 Nakuru, Elementaita na Bogoria yakaingizwa pamoja katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Ua ule umefanya kazi uliyowekewa. Katika hesabu za miaka ya karibuni vifaru weusi wa Kenya wamefikia kiasi cha elfu moja, na Nakuru ni miongoni mwa mahali palipowarudisha. Mwenye kusema kuwa ua haukufaa kitu hasemi kweli. Swali letu ni jingine: Je, ua umezuia kila linalodhuru?

Yaliyopita chini ya ua

Jambo la kwanza ni msitu. Magharibi ya Nakuru kuna milima ya Mau, na msitu wake ulikuwa na kiasi cha hekta laki nne. Msitu ni kama sifongo: mvua ikinyesha huinywa, kisha huitoa kidogo kidogo katika chemchemi mwaka mzima. Mto Njoro huanzia huko, Mau ya Mashariki. Tume iliyotoa ripoti yake mwaka 2009 ilieleza ya kwamba katika miaka ishirini hivi msitu wa Mau ulipoteza zaidi ya hekta laki moja, yaani kama robo yake, kwa kugawiwa na kuvamiwa. Katika mwaka 2001 peke yake serikali iliondoa katika hifadhi zaidi ya hekta 35,000 za Mau ya Mashariki. Miti ikakatwa, mahindi na viazi vikapandwa mahali pake, na mkaa ukapakiwa malori.

Matokeo yake ni yapi? Mto uliokuwa ukienda mwaka mzima ukawa wa kukatika wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ukashuka kwa nguvu umebeba udongo mwekundu wa mashamba. Udongo ule waingia ziwani, na tumekwisha sema ya kwamba ziwa halina mlango wa kutokea.

Jambo la pili ni mji. Nakuru ulianza kuwa kituo cha reli mwaka 1900. Katika hesabu ya mwaka 1979 wakazi wake walikuwa hawajafika laki moja. Katika hesabu ya mwaka 2019 walipita laki tano. Tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Mji huu umekaa juu na ziwa liko chini yake, na ua wa hifadhi wapakana na mitaa ya watu. Maji machafu ya majumbani yakishatiwa dawa na kusafishwa, mwisho wake ni ziwani. Na yale yasiyosafishwa, mvua kubwa huyachukua pamoja na takataka za mifereji na za jaa la Gioto, na njia yake ni hiyo hiyo. Katika miaka ya 1990 heroe walikufa kwa maelfu Nakuru na Bogoria, na wataalamu walipowachunguza walitaja sumu za madini na sumu itokayo katika baadhi ya mwani wenyewe. Hapana jangili aliyeruka ua. Seng'enge ilikuwa imara, na umeme ulikuwa ndani yake.

Jambo la tatu ni maji kupanda, na hili ndilo lililowashangaza watu kuliko yote, kwani zamani khofu ilikuwa ziwa kukauka. Tangu kiasi cha mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kujaa kupita kiasi. Ziwa la Nakuru, lililokuwa na kilomita za mraba kama 40, lilipofika mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la hifadhi na ofisi zake zikaingia majini, ikabidi kuhamishwa. Migunga mikubwa iliyokuwa ikizunguka ufuko ikafa imesimama. Watu wa Mwariki na Barut wakayaacha majumba na mashamba yao kwa maji. Na huko Naivasha mtaa wa Kihoto umefurika mara baada ya mara, mara ya mwisho tunayoikumbuka ni mwaka 2025.

Sababu yake ni nini? Uadilifu wataka tuseme ya kwamba sababu kubwa iliyotajwa na wachunguzi ni mvua kuzidi, kwa ajili ya kugeuka hali ya hewa ya dunia. Walakini mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyovuliwa miti, haikai mlimani; hushuka yote kwa pamoja na udongo wake. Kwa hiyo makosa ya wakataji wa Mau na mabadiliko ya hewa yamekutana katika bakuli moja.

Na maji mengi si neema kwa heroe. Maji ya mvua yaliyapunguza magadi ukali, ule mwani mdogo ukapungua, na ndege wakahama kwenda Bogoria na kwingineko. Makundi hurudi mara kwa mara, walakini ile hali ya kuhesabu milioni moja imekuwa khabari ya kusimuliwa. Badala yake samaki wa maji baridi walizidi, na vijana wasio na kazi wakaingia kuvua kwa siri, ilhali wakuu wanawaonya ya kwamba samaki wale huenda wakawa na sumu iliyotokana na taka za mji. Tazama mzunguko huu: taka za mji zimekwenda ziwani, na sasa zataka kurudi mjini ndani ya kikaango.

Jambo la nne latokana na ua wenyewe. Mnyama aliye huru, maji yakipanda, huhama. Mnyama aliyezungushiwa ua hana pa kuhamia. Ziwa lilipokula kilomita ishirini na zaidi za nchi kavu, nyati, kuro, twiga na vifaru walibanwa katika malisho yaliyobaki. Mbele yao maji, nyuma yao umeme. Basi ile silaha iliyowaokoa na bunduki ndiyo iliyowafungia na mafuriko.

Vifaru waliokwenda Tsavo

Mtu anaweza kusema: "Ikiwa mahali pamewabana, na wachukuliwe wapelekwe pengine." Na hivyo hufanywa, mara nyingi kwa salama. Walakini sikilizeni yaliyotokea mwaka 2018, karibu na sisi kabisa, huko Tsavo Mashariki, ambako kila atokaye Mombasa kwa gari la moshi hupita kando yake.

Katika mwaka huo vifaru weusi 11 walichukuliwa kutoka hifadhi za Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo, kwa nia njema ya kuanzisha makao mapya. Maji waliyowekewa yalikuwa ya visima, nayo yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyoyazoea. Walikunywa wakaona kiu, wakazidi kunywa wakazidi kuona kiu. Kumi wakafa, na wa kumi na moja, aliyekuwa amekwisha dhoofika, akashambuliwa na simba akafa naye. Walikuwa ndani ya ulinzi wa askari wenye silaha, na madaktari wa wanyama walikuwa karibu. Kilichokosekana ni maji yaliyowafaa.

Twaona sisi kwamba tukio hili lafundisha kuliko hotuba nyingi. Kumhifadhi mnyama si kuihifadhi ngozi yake na pembe yake tu. Mnyama ni pamoja na maji anywayo, jani alilalo na mahali apitapo. Ukiyatenga hayo ukadai kuwa umemhifadhi, umehifadhi mzoga utakaochelewa kuoza.

Nani alaumiwe?

Hapa yataka tuwe waangalifu, kwani ni wepesi mno watu kumlaumu aliye dhaifu. Mwenye kukata mti ili apande mahindi ya kuwalisha watoto wake, na mwenye kuchoma gunia la mkaa ili alipe ada ya shule, hawako sawa na mkubwa aliyegawiwa mamia ya hekta za msitu kwa kalamu. Yule wa kwanza ana dharura. Huyu wa pili ana tamaa. Na mara nyingi sheria ikiamka, humfukuza yule mwenye dharura.

Wako watu waitwao Waogiek, walioishi katika msitu wa Mau tangu zama za babu zao, wakiwinda na kufuga nyuki. Mwaka 2009 waliamriwa kutoka, kwa hoja kwamba msitu wahifadhiwa. Dai lao likafikishwa katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikatoa hukumu kuwa wamedhulumiwa, na kwamba si wao walioangamiza msitu. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Haya twayataja ili ijulikane ya kwamba uhifadhi usio na uadilifu hudhulumu watu wala hauokoi mti. Mwenye nyuki hakati mgunga ambao nyuki wake wala maua yake.

Wazee wetu walilijua hili

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Mtume (s.a.w.) alilitenga bonde la Naqi', karibu na Madina, liwe malisho ya farasi, asiruhusiwe mtu kuliingilia kwa maslaha yake mwenyewe. Mahali palipotengwa namna hiyo huitwa hima. Na wanavyuoni wa fiqhi, walipoeleza hukumu za visima na mito, hawakutosheka na kuulinda mdomo wa kisima. Walikiwekea kisima harimu yake, yaani ardhi ya kukizunguka ambayo haijuzu mtu kuchimba wala kujenga kwa namna ya kudhuru maji. Walifahamu ya kwamba kisima ni pamoja na ardhi inayokilisha.

Basi tupime. Ua wa Nakuru ni hima, nao ni mwema. Walakini harimu ya Ziwa la Nakuru ni msitu wa Mau, na kingo za Mto Njoro, na mifereji ya jiji zima. Hima imewekwa, harimu ikaachwa. Hiyo ndiyo ila yenyewe, na dawa yake haipatikani kwa kuongeza seng'enge.

Dawa ya namna hiyo si ndoto. Sheria za Kenya juu ya maji na misitu, tangu za mwaka 2002 na 2005 hata hizi za mwaka 2016, zimewafungulia wananchi mlango wa kuunda vyama vya watumiaji wa maji na vyama vya misitu vya jamii, ili aliye juu ya mto na aliye chini yake wakae katika baraza moja. Mahali ambapo mkulima wa Njoro hupanda miti ukingoni mwa mto, na baraza la jiji likasafisha maji taka kwa ukamilifu kabla ya kuyatoa, huko ndiko ziwa linakolindwa, ijapokuwa hapana mtalii apigaye picha huko.

Jawabu la swali la kwanza

Sasa twarudi kwa yule ndugu aliyeuliza: "Yatuhusu nini sisi watu wa pwani?"

Twamjibu hivi. Nenda Malindi wakati wa mvua, usimame ufukoni, uitazame bahari. Utaiona nyekundu hata mbali. Wekundu ule ni udongo ulioletwa na Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi, na mto huo umepita katika mashamba ya bara na kando ya Nairobi kabla ya kutufikia. Udongo wa mkulima ambaye hujapata kumwona umekwisha fika kwenye matumbawe anakovua ndugu yako. Na kwenye mlango wa mto huo huo, ukitazama vizuri, mara nyingine utawaona heroe wakila, wale wale jamaa za heroe wa Nakuru. Wao hawajui mpaka wa bara na pwani. Ni sisi tulioubuni.

Tena tujitazame wenyewe. Je, mikoko ya hori zetu yakatwa na nani, ikajengewa nyumba za nani? Maji machafu ya miji yetu yaishia wapi? Gunia la mkaa lililo jikoni limetoka msitu gani? Mtu wa Nakuru akiuliza maswali haya kutuhusu, tutamjibu nini? Tumemlaumu kwa kuelekeza mifereji yake ziwani, ilhali yetu imeelekea baharini, na udhuru wetu ni kwamba bahari ni kubwa. Naye zamani alisema ziwa ni kubwa.

Basi tunalolitaka kwa wasomaji wetu ni dogo. Kila mmoja akaitafute harimu ya kisima chake: ajue maji anywayo yatoka wapi, na maji amwagayo yaenda wapi. Akishajua hayo mawili, mengine yatamjia yenyewe; na wakubwa wake hawataweza kumtuliza kwa kumwonyesha ua mzuri wenye lango lililopakwa rangi.

Maswali ya kuzungumzwa katika darsa

1. Kwa nini ziwa lisilo na mto utokao hudhurika upesi kuliko bahari? Na je, hori ya mji wetu yafanana na lipi katika hayo mawili?

2. Ua wa Nakuru uliwaokoa vifaru na majangili, kisha ukawafungia na mafuriko. Je, ni ulinzi gani katika mji wetu wenye faida na madhara kwa pamoja?

3. Tofauti ya mwenye dharura na mwenye tamaa ni ipi katika kukata mti, na ni yupi ambaye sheria humfikia kwanza?

4. Mkazi mmoja na aende akaufuate mfereji wa mtaa wake kwa miguu, tangu mlangoni pake hata mwisho wake, na katika darsa ijayo atueleze alichokiona.

Na hayo yatosha kwa leo.